PhD ya nje kwa hela za mtu mwingine: nani analipa, na anataka nini kwako

Kila ikikaribia Septemba magrupu ya WhatsApp yanaanza kujaa malinki, skolashipu za PhD fuli fandedi, nchi ishirini, bila IELTS (ule mtihani wa Kiingereza), watumie na wenzako, na watu wanatuma kweli, afu ikifika Juni mwaka unaofuata ukiuliza nani kapata panakuwa kimya. Mimi sidhani kama shida ni vichwa. Vichwa vipo, na wengine wana GPA ambazo ukiziona unajiuliza huyu mtu bado anafanya nini hapa. Shida ninayoiona ni kwamba tumechukua hela za aina tatu zisizofanana kabisa tukazipa jina moja, skolashipu, afu zote tunaziomba kwa barua ileile na propozo ileile, tunabadilisha tu jina la chuo pale juu.

Kwa hiyo kabla hujafungua fomu yoyote uliza kwanza: hii hela inatoka mfuko wa nani? Ukishaujua mfuko, mengine yote yanaanza kueleweka, yaani wanatafuta mtu wa namna gani, nani anakaa kusoma maombi yako, dedilaini inaangukia lini, na ukimaliza unatakiwa urudi au uko huru.

Mfuko wa kwanza ndo ule tunaoujua, wa serikali na mataasisi makubwa. Chukua skolashipu ya Commonwealth ya Uingereza. Mpango wenyewe ulizaliwa Oxford mwaka 1959 kwenye mkutano wa elimu wa nchi za Jumuiya ya Madola, na hela ya upande wa Uingereza inatoka kwenye bajeti yao ya misaada ya maendeleo. Hela ya misaada ina mambo yake, anayeitoa lazima aweze kuwaeleza walipa kodi wake kwamba hii PhD itagusa kitu huko Tanzania au Uganda. Ndo maana wanakutaka uchague moja ya mada zao sita, kuna afya, kuna sayansi na teknolojia kwa maendeleo, kuna amani na utawala, kuna kukabili majanga na kadhalika, wanakutaka ueleze ujuzi huo utautumiaje nyumbani, na ukimaliza unatakiwa urudi. Sasa mtu anajaza kurasa nzima kuhusu ndoto yake ya kubobea na kuwa profesa wa kimataifa, hajasema hata mstari mmoja nani atafaidika Kigoma au Mtwara. Kiingereza chake hakina tatizo, ila kajibu swali ambalo hakuulizwa.

Hapohapo niseme la Chevening maana hili halijawahi kuisha: Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, ni mastaz ya mwaka mmoja, PhD hawana. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya nao ni mastaz. Ukiona linki inasema PhD ya Chevening, aliyeandika hajawahi hata kufungua tovuti yao.

DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wasomi, hela yake ni ya serikali pia lakini maombi yanapitiwa na majopo ya maprofesa, kwa hiyo wao macho yanaenda kwanza kwenye utafiti wenyewe, mpango wa kazi, ratiba, na barua ya supavaiza wa kule anayesema nimemkubali huyu. Afu kuna kanuni inayoangusha watu kimyakimya: kwa kawaida wanataka isiwe imepita zaidi ya miaka sita tangu upate digrii yako ya mwisho. Umemaliza mastaz, ukaajiriwa, ukaoa, ukajenga, ukasema sasa nitulie niaplai, unakuta mlango ulishafungwa zamani. Umri nao uangalie mapema. Skolashipu za serikali za MEXT ya Japani na Türkiye Bursları ya Uturuki kwa PhD wanataka uwe chini ya miaka 35, ile ya serikali ya China chini ya 40, wakati Gates Cambridge umri hawauulizi kabisa.

Ya China watu wanaidharau bila sababu. Ada inalipwa, bweni lipo, na mwanafunzi wa PhD anapewa yuan 3,500 kwa mwezi, siyo hela ya kutajirikia ila ukikaa bweni unaishi. Njia ziko mbili, moja inapitia ubalozi na mamlaka za nchi yako, nyingine unaomba moja kwa moja chuoni, na kwenye hii ya pili barua ya profesa anayekukubali ndo inabeba uzito. Kaa tu ukijua kwamba vyuo vingi havikupi cheti mpaka uwe umechapisha, na maabara zao watu wanakesha.

Gates Cambridge ilianzishwa mwaka 2000 kwa dola milioni 210 za taasisi ya Bill na Melinda Gates, inatoa nafasi kama 80 kwa mwaka kwa dunia nzima nje ya Uingereza, Wamarekani humohumo. Wengi wanaanza na insha ya uongozi na kusaidia jamii, wanaipamba weee, wakati mlango wa kwanza pale ni idara. Idara isipokuweka juu kwenye orodha yake kwa sababu ya utafiti wako, hiyo insha nzuri haifiki kwa mtu. Clarendon ya Oxford ndo inashangaza zaidi, haina hata fomu, ukiomba udahili kabla ya dedilaini ya Desemba au Januari unaingizwa moja kwa moja kwenye kufikiriwa. Kuna watu wanasubiri tangazo la Clarendon mpaka Machi jamani.

Kitu kingine kwenye mfuko huu ni orodha ya nchi. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ya Kinshasa ziko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, Kenya haimo, na kuna skolashipu zinazotumia hiyo orodha kama chujio. Kwa hiyo Mkenya anaweza akamwona rafiki yake wa Dar anaomba kitu ambacho yeye hata fomu haimruhusu, na wala hajakosea popote. Na nje siyo lazima iwe Ulaya. AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi pale Nairobi, ina programu ya PhD ya uchumi inayoshirikisha vyuo vya Afrika, mpango wa CARTA unaoongozwa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha Nairobi, na chuo cha Wits cha Afrika Kusini unasaidia wafanyakazi wa vyuo wanachama kwenye mambo ya afya ya jamii, na mfuko wa RSIF unaoratibiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, unapeleka watu kwenye vyuo vya Afrika kusoma sayansi na uhandisi. Ushindani upo, ila huko unashindana na watu ambao transkripti zao zinafanana na yako.

Mfuko wa pili ndo unaonisikitisha, kwa sababu ndo mkubwa na ndo hatuuombi. Huu hauitwi skolashipu. Unaitwa kazi.

Ujerumani, Uholanzi, Sweden, Norway, Denmark, mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo. Profesa kapata hela ya mradi, anahitaji mtu wa kuufanya huo mradi kwa miaka mitatu minne, anatangaza nafasi kama inavyotangazwa kazi nyingine yoyote. Sweden walianza kutoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2011, Norway wakafuata 2023, kelele zikawa nyingi na watu wakakata tamaa, lakini ada hizo ni za digrii ya kwanza na mastaz, PhD haikuguswa, na bado wanakulipa mshahara. Sweden unapewa miaka minne ya masomo yenyewe, na wakikupa kufundisha haiwezi kuzidi asilimia 20 ya muda wako na huo muda unaongezewa mbele.

Sasa ukilikuta tangazo la Kijerumani limeandikwa TV-L E13, 65%, miaka mitatu, usikimbie. TV-L ni jedwali la mishahara ya watumishi wa majimbo, E13 ni ngazi ya mtu mwenye mastaz, na 65% ni sehemu ya mshahara kamili utakayolipwa. Mshahara kamili wa ngazi hiyo unapita euro 4,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa hiyo ukichukua asilimia 65, ukatoa kodi na bima ya afya na pensheni, mkononi inabaki kama euro 2,000 hivi. Wanachokulipia rasmi ni zile saa za mradi, tasnifu yako unaiandika kwenye zile saa zilizobaki, ndo inavyosomeka kwenye mkataba. Kiuhalisia upo ofisini siku nzima kama wenzako wote. Ni unyonyaji? Wajerumani wenyewe wanalalamika kila siku. Lakini ukilinganisha na kukaa nyumbani unasubiri linki ya WhatsApp, mimi ningesaini.

Matangazo haya yako wazi kwenye tovuti kama EURAXESS kwa Ulaya nzima, AcademicTransfer kwa Uholanzi, Jobbnorge kwa Norway, FindAPhD na jobs.ac.uk kwa Uingereza. Yanatoka mwaka mzima, hayana msimu. Na wale wa Marie Curie, zile nafasi za MSCA za mitandao ya PhD zinazolipwa na Umoja wa Ulaya, wana kanuni inayokubeba wewe uliyeko Dodoma: haitakiwi uwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Yaani aliyesoma mastaz yake hapohapo Uholanzi anaweza akakataliwa Uholanzi, wewe ambaye hujawahi kupanda ndege ukawa na sifa.

Ila hapa usipeleke hadithi ya maisha. Huyu prof hatafuti kijana wa kuinua jamii yake, anatafuta mtu atakayeanza Oktoba na kufanya kazi iliyokwisha kuandikwa. Tangazo linasema R (programu ya takwimu) na GIS (ramani za kompyuta) na uzoefu wa kukusanya data vijijini, basi barua yako iseme R umeitumia wapi, kwenye data gani, na vijijini ulikaa muda gani. Propozo mara nyingi hata hawaitaki, mradi wanao.

Mfuko wa tatu ni wa Marekani, na huko skolashipu na udahili ni kitu kimoja. Ukikubaliwa PhD kwenye chuo cha maana, idara yenyewe ndo inafuta ada, inakupa bima na stipendi, yaani hela ya kujikimu, wewe unasaidia kufundisha au utafiti. Mastaz siyo lazima, kuna watu wanatoka na digrii ya kwanza ya UDSM au Nairobi wanaingia PhD moja kwa moja, miaka mitano sita, miwili ya mwanzo ni madarasa na mitihani mizito. Huombi kwa prof mmoja, unaombea kamati, dedilaini nyingi ni Desemba, majibu yanatoka Februari na Machi, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa yenye hela asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Kinachouma ni ada ya maombi, dola 75 mpaka 120 kwa chuo kimoja, ukiomba vyuo vinane ni mshahara wa mtu. Andikia ofisi ya udahili uombe wakufutie, wengi wanakubali, ila uombe Oktoba siyo siku moja kabla. Fulbright nayo ipo, ila huo ni mfuko wa kwanza umevaa nguo za Marekani, na viza yake ya J-1 inakuja na sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kufikiria ukaazi wa kudumu.

Uingereza ni vurugu ya mifuko yote ikichanganywa, na huko ndo neno fuli fandedi linadanganya zaidi. Kuna ada ya mwenyeji na ada ya mgeni. Kwa 2025/26 mabaraza ya utafiti, UKRI, yanalipa ada ya mwenyeji paundi 5,006 na stipendi isiyopungua paundi 20,780, wakati ada ya mgeni kwenye sayansi mara nyingi inapita 25,000. Lile pengo la paundi elfu ishirini kwa mwaka nani analipa? Kwenye nafasi za UKRI zenyewe chuo hakiruhusiwi kukudai wewe hilo pengo, lakini ndo hivyo, kinalazimika kulifidia kutoka mahali pengine, na wageni hawatakiwi kuzidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa, kwa hiyo mnagombania kichochoro. Kwenye nafasi nyingine ambazo siyo za UKRI unakuta mstari mdogo chini kabisa unasema wanalipa ada ya mwenyeji tu. Huo mstari utafute kwanza kabla hujasoma kitu kingine chochote. Watu wamesherehekea, wamepiga picha, afu wakaletewa bili.

Tuje kwenye imeli ya supavaiza, maana kwa DAAD, China na sehemu kubwa ya Uingereza bila yeye huendi popote. Imeli nyingi zinazotoka kwetu zikigeuzwa Kiswahili ziko hivi: Mheshimiwa Profesa, shikamoo, mimi ni kijana mchapakazi kutoka Tanzania, nimevutiwa sana na chuo chako maarufu, naomba unisaidie ufadhili wa PhD katika fani yoyote, Mungu akubariki. Heshima ipo, na kwetu ni adabu nzuri tu, lakini kwa prof anayepokea imeli za hivyo kutoka dunia nzima hakuna kitu cha kushika. Hajui unataka kufanya nini. Imeli inayojibiwa ni fupi, aya mbili tatu, inasema nimesoma kazi yako ya kitu fulani, nadhani kwa data nilizonazo za sehemu fulani matokeo yanaweza kuwa tofauti kwa sababu hii, mastaz yangu nilifanya hiki, nataka kuomba mfuko huu wenye dedilaini hii, je ungependa tuongee. Taja mfuko. Prof akiona umeshajua hela inatoka wapi anapumua, kwa sababu hofu yake kubwa ni kwamba unamuomba hela yeye. Asipojibu wiki mbili mkumbushe mara moja, akikaa kimya tena achana naye, siyo chuki.

Na propozo. Karibu kila propozo ya mwanzo ninayoletewa nipitie inaanza na kitu kama athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii za pwani ya Afrika Mashariki. Hiyo ni kazi ya wizara, siyo ya mtu mmoja miaka mitatu. Chukulia mwani wa Zanzibar. Kilimo chake cha biashara kilianza pale Paje na Jambiani mwaka 1989, wakulima wengi ni akina mama, kuna aina mbili zinazolimwa, spinosum na cottonii, cottonii ndo yenye bei nzuri na ndo inayokufa maji yakipata joto, inapauka inakuwa laini inakatika. Sasa swali la PhD siyo tabianchi inaathiri vipi wakulima wa mwani. Swali ni kwa mfano, kwenye msimu wa kaskazi ambapo maji ya kina kifupi yanachemka, cottonii iliyosogezwa kwenye kina kirefu inapona kwa kiasi gani, na akina mama ambao hawana boti na wengi hawajui kuogelea watakifikiaje hicho kina. Hapo kuna biolojia, kuna jinsia, kuna hela ya boti, kuna kitu cha kupima. Panelisti wa DAAD kule Bonn ambaye hajawahi kuiona Unguja anaisoma na anaona kabisa hii kazi itaanza wapi na kuishia wapi. Na ukiipeleka Commonwealth unaanza na akina mama, ukiipeleka DAAD unaanza na vipimo. Utafiti uleule.

Marefa, yaani walimu wanaokuandikia barua za mapendekezo, wanasahaulika mpaka siku ya mwisho. Barua zetu nyingi zinasema mwanafunzi huyu ana nidhamu, anaheshimu walimu, anahudhuria vipindi. Asante, lakini jopo linataka kujua kama unaweza kufanya utafiti peke yako. Mpelekee mwalimu wako CV, propozo, vigezo vya hiyo skolashipu na mambo mawili matatu ya kumkumbusha, kwamba ile data ya mastaz uliikusanya mwenyewe, kwamba ulimsaidia semina ya mwaka wa pili. Siyo kumfundisha kazi, ana wanafunzi mia tatu huyo, hawezi kukumbuka kila kitu. Na aweke imeli ya chuo, mifumo mingi ikiona Gmail inatilia shaka.

GPA yetu ya 5 usiigeuze mwenyewe kuwa ya 4. Andika 3.9 kati ya 5 na ambatisha ule ukurasa wa transkripti unaoonyesha kwamba 3.5 kwenda juu ni daraja la pili la juu na 4.4 ni la kwanza, mana mtu asiyejua akiona 3.9 peke yake anaweza kudhani ni kati ya 4, umekaribia kikomo, na siku transkripti ikifika unaonekana mwongo. Kama ya digrii ya kwanza ni ndogo, mastaz nzuri na kitu kilichochapishwa vinasaidia, hasa mfuko wa pili ambako wanaajiri mikono inayojua kazi.

Kuhusu mawakala: hakuna skolashipu halali inayouzwa. Ada za halali zipo, ya maombi Marekani, ya mtihani wa Kiingereza, baadhi ya vyuo vya China nao wanatoza, lakini hizo zinalipwa kwenye mfumo wa chuo au kituo cha mtihani, siyo kwa namba ya M-Pesa ya kaka mmoja anayekuambia ana mtu ndani ya ubalozi.

Barua ya ofa ikija isome kwa baridi. Stipendi ni ya miezi 12 au 9? Vyuo vingi vya Marekani ni 9, kiangazi unajijua. Inaongezeka ukizidisha muda? Viza na bima nani analipa, maana Uingereza wanadai paundi 776 kwa kila mwaka ya huduma ya afya kabla hata hujaondoka, na lazima upime kifua kikuu kwenye kituo walichokiidhinisha wao. Familia je? Uingereza tangu Januari 2024 mwanafunzi wa mastaz ya madarasa haruhusiwi tena kuja na mke au mume na watoto, wa PhD bado anaruhusiwa, ila stipendi haiongezeki kwa sababu umekuja na watoto watatu. Na kama umeajiriwa, hasa serikalini au chuoni, ruhusa ya masomo ishughulikie kabla ya kusaini ofa, kwa sababu mwajiri anaweza akakufunga mkataba wa kurudi kutumikia miaka kadhaa wakati huohuo umesaini ajira Sweden, na hapo kama prof wako wa Uppsala anataka uanze tarehe moja Septemba na faili lako bado liko kwa afisa utumishi, wa kumwandikia imeli ni wewe, na umwandikie mapema, mara nyingi tarehe za kuanza zinasogezwa mtu akiomba.